Msimamizi Asiyesimama: Ulinzi wa Mitihani kutoka Vibanda vya Nanjing hadi Kamera ya Kompyuta

Katika Kiswahili, mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani yake husemwa kuwa ameiba mtihani. Kifaransa cha shuleni, ambacho ndicho kinachotumika madarasani nchini Kongo, humwona kama mchezaji aliyevunja kanuni za mchezo. Kiswahili humwona mwizi, na palipo na mwizi sharti pawe na mali, na mali hiyo iwe na mwenyewe. Nchini Kenya kikaratasi kinachofichwa mkononi au ndani ya soksi kiliitwa mwakenya, kwa jina la chama cha siri cha miaka ya 1980 ambacho maandishi yake yalipitishwa mkono kwa mkono kwa kificho. Tanzania nayo ikajipatia kudesa, kunakili kazi ya mwingine. Kosa lenyewe limepewa majina mengi. Mlinzi wake amepewa moja tu, tena la heshima: msimamizi, yule asimamaye juu ya kazi ya wengine.

Tangu mwaka 2020, katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya, msimamizi huyo hasimami tena. Amekuwa kamera iliyo juu ya kioo cha kompyuta, maikrofoni inayosikiliza pumzi za mtahiniwa chumbani mwake, na programu inayohesabu ni mara ngapi macho yametoka kwenye ukurasa. Mjadala uliozuka juu ya ulinzi huo umeendeshwa mara nyingi kana kwamba jambo hilo halina mababu. Makala haya yanajaribu kuwataja mababu hao, kwa kuwa mitihani imelindwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na swali la nani alindwe dhidi ya nani halikujibiwa namna moja kila mahali.

Uchina ndiyo iliyolifikiria swali hilo kwa undani kuliko nchi nyingine yoyote. Mitihani ya kuwachagua watumishi wa dola, iliyoanzishwa wakati wa ukoo wa kifalme wa Sui na kufutwa mwaka 1905, ilidumu kwa karne kumi na tatu. Katika enzi ya Qing, mtihani wa jimbo ulifanyika mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, kwa vipindi vitatu, na katika kila kipindi mtahiniwa alilala ndani ya uwanja wa mtihani. Uwanja wa Jiangnan, mjini Nanjing, ulikuwa na vibanda zaidi ya 20,000, vimepangwa safu kwa safu kama vyumba vya nyuki. Kila kibanda kilikuwa na mbao mbili: mchana moja ilikuwa meza na nyingine kiti, usiku zote mbili zikashushwa zikawa kitanda. Katikati palisimama mnara, na juu yake walinzi waliotazama safu zote. Mtahiniwa aliingia na matandiko yake, chakula chake, wino na kalamu yake ya manyoya, baada ya kupekuliwa mwili na mizigo langoni. Hata hivyo werevu haukukosa njia. Zipo hadi leo, katika makumbusho na maktaba, nguo za ndani zilizoandikwa vitabu vitakatifu vya Confucius kwa herufi ndogo ajabu, kazi ambayo pengine ilidai saa nyingi kuliko kuvikariri vitabu vyenyewe. Lango likishafungwa halikufunguliwa kwa sababu yoyote. Mwanahistoria wa Kijapani Miyazaki Ichisada anasimulia kwamba maiti ya aliyefia ndani ilizungushiwa mkeka na kurushwa juu ya ukuta.

Mpaka hapo, vibanda vya Nanjing vinafanana sana na kamera ya leo: mtu peke yake, ametengwa, anatazamwa kutoka mahali asipopaona. Watu wengi waliolinganisha mambo haya mawili wameishia hapo, na hilo ni kosa, kwa maana nusu ya pili ya utaratibu wa Kichina ndiyo yenye mafunzo. Dola haikumwamini mtahini zaidi ya ilivyomwamini mtahiniwa. Mwaka 992, chini ya ukoo wa Song, iliamriwa kwamba majina yafunikwe katika mtihani wa ikulu. Ikaonekana kwamba haitoshi, kwa kuwa msahihishaji aliweza kuutambua mwandiko wa mwanafunzi wake au wa mtoto wa rafiki yake. Kwa hiyo mwaka 1015 ukaanza utaratibu wa kunakili karatasi zote: makarani waliandika upya kila insha, na msahihishaji akasoma nakala tu. Katika karne za baadaye nakala hiyo iliandikwa kwa wino mwekundu, na karatasi ya asili, yenye wino mweusi, ikawekwa kando mpaka matokeo yatakapoamuliwa. Wasahihishaji nao walifungiwa katika sehemu ya ndani ya uwanja, wasionane na wale wa nje wanaopokea karatasi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1057 Ouyang Xiu, mtahini mkuu, alisoma insha iliyompendeza kupita zote. Akadhani ni ya mwanafunzi wake Zeng Gong, na kwa kuogopa kusemwa kwamba amempendelea, akaipa nafasi ya pili. Majina yalipofunuliwa, insha ilikuwa ya Su Shi, kijana ambaye angekuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Uchina. Kisa hiki husimuliwa kwa kucheka, lakini kinaonyesha kwamba mtahini mwenyewe alijua anachunguzwa. Na adhabu ilimfikia kweli. Baada ya kashfa ya mtihani wa Beijing wa mwaka 1858, Bo Jun, mmoja wa mawaziri wakuu wa dola aliyekuwa mtahini mkuu, aliuawa kwa amri ya mfalme mwaka uliofuata. Mwaka 1893 babu yake Lu Xun, mwandishi mashuhuri, alijaribu kumhonga mtahini mmoja. Akakaa gerezani hadi mwaka 1901, na familia ikafilisika. Haifai kuupamba utaratibu huo, kwani hongo iliendelea na maskini wengi walizeeka wakirudia mtihani uleule. Lakini ulikuwa na macho mawili, moja likimtazama anayeandika na jingine likimtazama anayesoma.

Ulaya ilichelewa. Katika vyuo vyake vya kale mwanafunzi alitahiniwa kwa mdomo, mbele ya watu, kwa Kilatini, na hapo palikuwa na nafasi ndogo ya kuiba. Ni mtihani wa maandishi, ulioenea Cambridge katika karne ya 18, uliozaa karatasi ya kunakiliwa na mtu wa kuizuia isinakiliwe. Baada ya ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, Uingereza ilianza kuwachagua watumishi wa serikali kwa mtihani, na waliopendekeza jambo hilo walijua vizuri mfano wa Uchina.

Jibu la namna nyingine lilitoka Marekani, katika mazingira ya damu. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1840, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Virginia, John Davis, alipigwa risasi na mwanafunzi aliyevaa kinyago, akafa siku mbili baadaye. Chuo hicho, kilichojaa wana wa mabwana wenye watumwa, kilikuwa kimeshindwa kuwatawala vijana wake kwa upelelezi wa walimu. Tarehe 4 Julai 1842, kwa pendekezo la Henry St. George Tucker, iliamuliwa kwamba mtahiniwa aandike chini ya karatasi yake, kwa heshima yake, kwamba hakupata msaada wowote. Msimamizi akaondoka chumbani. Hili nalo lisipambwe: heshima iliyotajwa ilikuwa heshima ya tabaka moja, na watumwa waliofua nguo na kuwasha moto katika vyumba vya wanafunzi hao hawakuhesabiwa kuwa nayo. Hata hivyo desturi hiyo ilidumu, na aliyeivunja alikuwa na adhabu moja tu, kufukuzwa moja kwa moja, hadi wanafunzi wenyewe walipopiga kura kuibadilisha mwaka 2022. Ni katika chuo hichohicho cha Virginia ambapo mwaka 2001 mwalimu wa fizikia alitunga programu ya kompyuta ya kulinganisha maandishi, na wanafunzi zaidi ya 120 wakashtakiwa kwa mara moja. Ahadi na mashine zilikuwa zimekutana chini ya paa moja.

Jambo la tatu katika ukoo huu ni umbali. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma London, na mwaka 1865 mtihani wake ukafanywa Mauritius: maswali yalisafiri baharini yakiwa yamefungwa kwa lakiri, yakafunguliwa mbele ya maofisa waliokabidhiwa. Afrika Kusini ilikuwa na chuo cha kutahini tu tangu mwaka 1873, kilichokuja kuwa UNISA na kuanza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Makerere, tangu mwaka 1949, na Dar es Salaam, tangu mwaka 1961, zilianza kutoa shahada chini ya uangalizi wa London hiyohiyo. Katika mpango huu wote mwalimu aliweza kuwa mbali, kitabu kikaja kwa meli, lakini siku ya mtihani palitakiwa mtu mwenye mwili, katika chumba kimoja na mtahiniwa.

Mtu huyo aliondolewa Alabama. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Chuo Kikuu cha Troy, kilichokuwa na wanafunzi wengi wanajeshi waliotawanyika duniani, kilianza kutumia kifaa kidogo chenye kamera ya kuona pande zote na sehemu ya kusoma alama za kidole. Mwaka 2008, katika jimbo hilohilo, ilianzishwa ProctorU, kampuni ambayo wasimamizi wake walimtazama mtahiniwa kupitia kamera ya kompyuta yake mwenyewe. Baadaye yakaja makampuni yaliyomwondoa hata huyo mtazamaji wa mbali na kumwachia kazi mashine: inarekodi, inapima, kisha inatia alama ya tuhuma penye jambo lisilo la kawaida. Mtu akiinamisha kichwa, akijisemea maneno kwa sauti ndogo, mtoto akipita nyuma yake, alama huwekwa.

Kwa miaka kumi na zaidi biashara hiyo ilibaki pembeni. Ndipo korona ikafunga vyuo mwaka 2020. Mwezi Aprili mwaka huo, katika uchunguzi wa jumuiya ya EDUCAUSE, vyuo 54 kati ya kila 100 vilivyojibu vilisema vinatumia usimamizi wa mbali, na vingine 23 vilikuwa vinaufikiria. Uamuzi ambao kwa kawaida ungedai miaka ya mabaraza na kamati ulipitishwa kwa majuma machache, na waalimu wengi waliupokea kama mtu anayepokea mwavuli mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwezi Oktoba 2020 jimbo la California lilifanya mtihani wa mawakili kwa njia ya intaneti; zaidi ya theluthi moja ya watahiniwa walitiwa alama ya tuhuma, na walio wengi wakaonekana baadaye kuwa hawana hatia. Mwaka huohuo rekodi za watu wapatao 440,000 zilizohifadhiwa na ProctorU ziliibwa na kusambazwa. Mwezi Mei 2021 kampuni hiyohiyo ilitangaza kwamba haitauza tena huduma inayotegemea mashine peke yake, kwa kuwa vyuo vingi havikuwa vikizipitia alama za tuhuma. Kisa cha Twente, nchini Uholanzi, ndicho kinachostahili kutazamwa zaidi. Watafiti wa chuo kikuu hicho waliwaomba wanafunzi 30 wafanye mtihani chini ya programu mashuhuri ya usimamizi. Sita waliagizwa waibe, baadhi wajifanye kuwa na wasiwasi, waliobaki wafanye kazi yao kwa uaminifu. Katika ripoti ya mwaka 2021 walieleza kwamba programu haikumtambua hata mmoja wa wale sita. Jaribio lilikuwa dogo, na wenye programu waliweza kulipinga kwa hoja hiyo. Lakini linafanya iwe vigumu kusema kwamba wasio na hatia walisumbuliwa ili wenye hatia wakamatwe.

Mahakama hazikukubaliana. Mwezi Juni 2020 mahakama ya Amsterdam iliruhusu chuo kikuu cha mji huo kuendelea, kwa sababu ya dharura. Septemba 2021 mamlaka ya Italia ya kulinda siri za watu ilikitoza chuo cha Bocconi, Milano, faini ya euro 200,000. Agosti 2022, jaji mmoja wa Ohio aliamua kwamba chuo cha umma kilichomtaka mwanafunzi aizungushe kamera chumbani mwake kabla ya mtihani kilikuwa kimevunja Rekebisho la Nne la Katiba ya Marekani, lile linalokataza upekuzi usio na sababu ya haki. Chuo kilijitetea kwamba upekuzi wa namna hiyo ni wa kawaida siku hizi. Jaji akajibu kwamba chumba cha kulala ni sehemu ya nyumba, na mazoea hayafuti haki. Desemba mwaka huohuo, mahakama ya utawala ya Montreuil ilisimamisha kwa muda matumizi ya programu kama hiyo katika Chuo Kikuu cha Paris 8, kwa mashaka kwamba habari inazokusanya zinapita kiasi kinachohitajiwa. Hukumu hizi mbili za mwisho zinarudisha swali la lango la Nanjing. Mtahiniwa wa Qing alipekuliwa alipokuwa akiingia katika nyumba ya dola. Mtahiniwa wa leo ameifungulia dola, au kampuni, nyumba yake mwenyewe.

Kwa Mwafrika lipo jambo jingine. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti uliochunguza programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso: kwa wanaume weupe kosa lilikuwa dogo hadi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi likafika asilimia 34.7. Wakati wa korona, mwanafunzi mmoja mweusi mjini Amsterdam alilalamika kwamba programu ya mtihani ilishindwa kuuona uso wake mpaka alipojimulika kwa taa. Chombo cha haki za binadamu cha Uholanzi kilisema kwanza, Desemba 2022, kwamba upo msingi wa kudhani ubaguzi. Oktoba 2023 kikaamua kwamba ubaguzi wa programu haukuthibitika katika mtihani wake, lakini kwamba chuo kilipaswa kulishughulikia lalamiko lake kwa uangalifu zaidi. Ni hukumu ya kuchukuliwa kama ilivyo, bila kuongezewa. Jambo moja tu lionekane: katika historia yote iliyotangulia, msimamizi aliweza kumshuku mwanafunzi, kumwonea hata kumchukia, lakini kwanza alimwona.

Tangu Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, mashaka yamehama kutoka machoni mwa mwanafunzi hadi kwenye sentensi zake. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu za kugundua maandishi ya mashine zilizihukumu zaidi ya nusu ya insha 91 zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza kuwa ni za mashine, na sababu ilikuwa ufinyu wa msamiati wao. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu, anayeandika kila siku kwa lugha ambayo si ya mama yake, anaweza kupima mwenyewe uzito wa habari hiyo. Waafrika wameingia katika kisa hiki kwa mlango mwingine pia: vijana wengi wa Kenya wenye shahada na wasio na kazi wamekuwa wakiandika insha za wanafunzi wa Ulaya na Marekani kwa malipo, na filamu iliyotoka mwaka 2024 pamoja na profesa Patricia Kingori wa Oxford imewapa sura hadharani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 dhidi ya wanaouza insha hizo. Kamera inamlinda nani hapo? Aliyekaa mbele yake ana uso unaotakiwa na kitambulisho kinachotakiwa. Akili iliyoandika insha yake ya muhula iko Nairobi.

Penginepo Afrika wakubwa waliamua kulinda mtihani kwa kuzima kila kitu. Baada ya maswali kuvuja mwaka 2016, Ethiopia ilizima intaneti wakati wa mitihani ya taifa ya mwaka 2017, na Algeria ikafanya hivyo mwaka 2018. Kenya, baada ya wizi mkubwa wa mwaka 2015, ilivunja baraza lake la mitihani na kuyafungia maswali ndani ya makontena; watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne walishuka kutoka 2,685 hadi 141 katika mwaka mmoja. Ni takwimu ya kutisha, na inafaa kuangaliwa kwa makini: waliochunguzwa safari hiyo, kwa mara ya kwanza kwa ukali huo, hawakuwa watoto tu, bali maofisa, wakuu wa shule na wasimamizi wenyewe.

Kongo iko wapi katika historia hii? Mtihani wake wa Taifa, ulioanzishwa mwaka 1967, ni ndugu wa mbali wa ule wa Uchina: wizara hutunga maswali, huyapeleka kwenye vituo nchi nzima, na mwalimu wa shule hasahihishi karatasi za wanafunzi wake. Vyuo vikuu vilifuata njia nyingine. Lovanium, mwaka 1954, na chuo cha Elisabethville, mwaka 1956, vilirithi desturi ya Kibelgiji ya profesa mwenye somo lake, anayelifundisha, anayelitungia mtihani na anayeusahihisha, mara nyingi kwa mdomo, ofisini mwake. Na hilo halikubadilika vyuo vilipounganishwa mwaka 1971 wala vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo vya Kongo, mtihani haukuhamia kwenye kamera kama ulivyohamia kwingine. Katika nchi ambako takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye anayefikiwa na umeme, hilo halikuhitaji mjadala mrefu. Wanafunzi walisubiri.

Lakini mapendekezo ya kuleta mitihani ya mtandaoni, pamoja na ulinzi wake, hayatakoma, na wauzaji watakuja na takwimu za wizi wa wanafunzi. Wizi huo upo. Wanaosimamia kumbi zilizojaa mamia ya watu wanaujua. Wanafunzi nao wana lalamiko lao, la zamani zaidi, ambalo hakuna kamera iliyotengenezwa kwa ajili yake: pointi zinazonunuliwa, pointi zinazodaiwa kwa njia ya mwili wa msichana, pointi zinazokwenda kwa jamaa na kwa kabila. Mabaraza ya maprofesa hukaa mwisho wa mwaka kuyajadili matokeo, lakini hujadili alama zilizokwisha kutolewa. Lile jambo ambalo ukoo wa Song ulilitengeneza kwa makarani na wino, na ambalo halihitaji umeme, kwa kawaida bado halijafanywa: mtungaji wa maswali ndiye msahihishaji, na jina la mtahiniwa limeandikwa juu ya karatasi, kwenye mstari wa kwanza.